Sura Mpya ya Ndiva

1

Tusi la kwanza la siku ile liliingia saa moja kasoro asubuhi, Niendiwe hajamaliza hata kuchuja chai. Lilitoka kwa mtu wa bonde moja la Iringa ambaye hawajawahi kuonana naye, na lilimwita mchawi wa maji. La pili lilitoka Burundi, kwa Kiswahili sanifu kabisa, likimshauri aolewe tena ili apate kazi ya kufanya. Kufika saa mbili yalikuwa kumi na tisa. Aliyasoma yote, kwa sababu mtunzaji wa tovuti ya Ndiva analazimika kusoma kila kinachoandikwa kwenye ubao wa mjadala. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe, enzi zile watu walipokuwa wakiandikiana kwa adabu.

Kura zilikuwa mia nne na kumi na mbili kwa moja. Mia nne na kumi na mbili walitaka tovuti ivae sura mpya iitwayo Upole. Ile moja ilikuwa pingamizi, na pingamizi lilikuwa lake.

Mtu wa mjini angecheka kusikia watu wazima wanatukanana kwa ajili ya sura ya tovuti. Acheke tu, maji yake yanatoka bombani. Ndiva ilikuwa programu huria: msimbo wake uko wazi, yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuuchukua na kuuongeza. Ilizaliwa milimani Upare, ikapewa jina la yale mabwawa madogo ambayo mababu walichimba kukusanya maji ya mifereji na kuyagawa kwa zamu. Tangu mvua za vuli zilipokata mguu, mabonde mia tatu, kuanzia Same hadi ng'ambo ya maziwa, yalikuwa yameikabidhi kazi hiyo ya kugawa. Malango ya mifereji yalifunguka na kujifunga kwa amri yake. Mkulima aliyetaka kujua lango lake litafunguka lini, na nani amepata kabla yake, alifungua tovuti ile kwenye simu, basi.

Sura ya zamani waliiita Orodha. Ilikuwa mbaya, na hata Niendiwe aliyeibuni alikiri kwamba ni mbaya: maandishi meusi juu ya weupe, majina ya bonde zima, zamu za kila mmoja, na kila zamu iliyosogezwa mbele ikapigwa mstari mwekundu. Kila mtu aliona cha kila mtu. Matokeo yake, katika misimu miwili watu watatu waliuawa kwa mapanga kwenye malango, mifukoni mwao simu zikiwa bado wazi kwenye mstari mwekundu. Wa nne alinusurika, akapoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Huyo alikuwa Kirumbe Mgonja, kaka yake Niendiwe, tumbo moja.

Upole haukuwa na orodha. Ulimsoma msomaji kwanza. Kamera ya mbele ilitazama uso wake, simu ikapima kidole chake kinavyobonyeza, kisha ukurasa ukajipanga kumfaa yeye peke yake. Mwenye hasira alipewa maelezo marefu na mahali pa kulalamika papo hapo. Mwenye wasiwasi alionyeshwa picha ya bwawa na maneno mazuri. Mistari myekundu waliiona wale tu ambao Upole ulihukumu kwamba hawatatulia bila kuiona. Ulikuwa umejaribiwa miezi kumi na moja katika bonde la Kirindi, kijijini kwao Niendiwe, na kwa miezi hiyo yote hakuna panga lililoinuliwa.

Sasa mtu mwenye akili zake anapinga nini hapo? Ndivyo walivyomuuliza, wengine kwa maneno hayo hayo, wengine kwa maneno ambayo hayaandikiki. Alichokuwa nacho Niendiwe ni mstari mmoja tu katika ripoti ya majaribio, uliosema kwamba wakulima mia moja na themanini wa Kirindi, kwa miezi kumi na moja ya ukame, wametoa malalamiko arobaini na moja, na kwamba malalamiko hayo yote yametoka kwa watu sita. Alikuwa amezaliwa Kirindi. Aliwajua watu wale. Wapare mia moja na themanini, na wanaolalamikia maji ni sita? Aliisoma ripoti mara tatu na kila mara alikwama pale.

Lakini Ndiva ilikuwa na desturi yake, iliyochukuliwa kutoka msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji. Baragumu likilia, mtu hasimami ukingoni kuwaelekeza wanaochimba. Anashuka na jembe. Kwa hiyo anayeweka pingamizi anapewa siku saba kuleta mbadala unaofanya kazi, na mbadala huo unajaribiwa kwa siku moja palepale ulipojaribiwa ule alioupinga, ndipo kura zirudiwe. Asipoleta, pingamizi lake linaanguka na jina lake linatolewa kwenye watunzaji. Siku ya nne ilikuwa imeanza. Kila baada ya dakika chache mtu mwingine aliandika ubaoni: jembe lako liko wapi, mama?

Kisha saa tatu liliingia andiko ambalo halikuwa na tusi hata moja, nalo ndilo lililomfanya aweke kikombe chini. "Dada yangu anaipenda orodha yake kuliko damu yake. Msimsikilize. Kirumbe Mgonja, lango la nne, Kirindi."

2

Fikirini Haji, aliyeubuni Upole, alimpigia simu ya video saa nne. Alikuwa Mpemba mwembamba mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kumwita bibie kila alipotaka kumchoma. Alianza kwa kumuuliza hali, akamuuliza na kuhusu upepo wa Same, kisha akamwambia waziwazi kwamba anamwona mtu mwenye kiburi, aliyeshindwa kuvumilia kuona kazi ya mikono yake ikiwekwa kando.

Niendiwe alimweleza habari ya wale watu sita. Fikirini alisema hayo ndiyo mafanikio yenyewe. Watu hawalalamiki kwa kuwa hawana uchungu. Alitaka kujua tangu lini utulivu wa watu umekuwa kasoro ya programu.

"Utulivu siupingi," Niendiwe alisema. "Nataka kuona wanachokiona."

"Huwezi kukiona. Kila mmoja ana chake."

"Basi hilo ndilo ninalolipinga."

Hapo adabu ilimwisha Fikirini. "Maiti wa Orodha yako nimembeba kwa mikono yangu, bibie. Nilikwenda bondeni kufunga malango, nikarudi nimembeba mtu. Wewe umembeba nani?"

"Kaka yangu, mpaka hospitali."

"Na kaka yako kakwandikia nini leo?"

Alikata simu bila kungoja jibu. Niendiwe alibaki akitazama uso wake mwenyewe kwenye kioo cheusi cha kompyuta, akiwa amekasirika, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba mtu yule hakuwa mwongo. Alifunga kompyuta, akaitia begini, akatafuta pikipiki ya kumpandisha Kirindi.

3

Tangawizi ya Kirumbe ilikuwa imefika magotini. Niendiwe aliiona kabla ya kuiona nyumba: matuta ya kijani kilichokolea, udongo mweusi wenye unyevu, na mfereji mdogo unaotiririka pembeni bila haraka. Msimu ule magunia ya tangawizi yalikuwa yakitafutwa kote kwa taa na tochi, na hapa palikuwa na shamba ambalo ni kama halijasikia habari za ukame. Alijikuta anafurahi. Alisimama pale na furaha yake kwa muda, kwa sababu alikumbuka kaka yake alivyokuwa mwaka juzi, amelala na bandeji, akisema hatalima tena.

Kirumbe hakumkaribisha ndani. Alimsimamisha uani, akamuuliza amekuja kama dada au kama mtunzaji. Niendiwe aliposema yote mawili, alicheka kicheko cha puani na kuendelea kufunga mzigo wa majani ya ng'ombe, akitumia meno pale ambapo vidole havikutosha. Mkewe alileta kiti, mumewe akamtazama, kiti kikarudi ndani. Niendiwe aliaga, akashuka bondeni kwa miguu.

Shamba la Mama Yonaza lilikuwa chini zaidi, lango la saba. Mjane huyu alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mwimbaji wa kwaya, mwanamke ambaye katika maisha yake yote hakuna aliyemsikia akipaza sauti nje ya kanisa. Tangawizi yake ilikuwa na urefu wa kidole. Majani yalikuwa yamekunjamana na kuwa manjano, na udongo ulikuwa umepasuka vipande vipande. Alimpokea Niendiwe kwa mikono miwili, akamwita mwanangu, akamwomba radhi kwa kukosa cha kumpa, kisha akasema ni mwaka mgumu kwa wote, tufanye nini.

"Kwa wote, mama?"

"Si mlima mzima umekauka? Simu inaniambia kila siku."

Alimpa simu yake. Upole ulikuwa umemchorea ukurasa wa kupendeza, rangi za asubuhi, picha ya bwawa lenye maji machache na kina mama wakiwa wamekaa ukingoni. Chini yake paliandikwa: Zamu yako inakaribia, Mama Yonaza. Asante kwa uvumilivu wako. Hapakuwa na jina la mtu mwingine. Hapakuwa na mstari mwekundu hata mmoja, wala mahali pa kulalamika, kwa sababu kwa miezi kumi na moja uso wa mama huyu haukuwahi kuonyesha kwamba anahitaji mahali pa kulalamika.

Niendiwe alikaa juu ya tuta, akafungua kompyuta, akaingia kwenye kumbukumbu za ndani za Ndiva, zile ambazo haziandikwi kwa ajili ya kupendeza mtu. Lango la saba: zamu thelathini na moja zimesogezwa. Alitafuta zilikokwenda. Zote zilikuwa zimegawanywa kwa malango sita, malango ya wale sita waliolalamika, na kumi na tisa kati ya hizo zilikwenda lango la nne.

Hakuhitaji kutafuta sababu, maana aliiandika yeye. Miaka sita nyuma, maji yalipoanza kupungua, Ndiva ilihitaji kanuni ya kuamua isogeze zamu ya nani siku ambayo bwawa halitoshi. Niendiwe aliandika mistari tisa ya msimbo: sogeza zamu ya lango lenye malalamiko machache zaidi. Ilionekana ni haki. Mtu ambaye shamba lake halijaungua hana sababu ya kulalamika, na akionewa ataona mstari mwekundu kwenye Orodha, atalalamika, na zamu zitamrudia. Kwa miaka mitano kanuni ile ilifanya kazi kwa sababu kila mtu aliona. Sasa Upole ulikuwa umewafumba macho wapole, na ile kanuni, bila kujua lolote, ikawa inawanyang'anya kila asubuhi na kuwapa wakali.

"Umeona nini, mwanangu?" Mama Yonaza aliuliza.

Niendiwe alisema zamu zake zimesogezwa mara nyingi.

"Kumbe. Zimeenda wapi?"

Hapo ndipo Niendiwe Mgonja, ambaye kwa siku nne alikuwa amewaandikia watu mia nne kwamba mkulima ana haki ya kuona, alifunga kompyuta na kusema kwamba bado anaangalia. Aliona haya mpaka masikio yakamchoma. Mama Yonaza aliitikia kwa kichwa, akamwambia asijichoshe, na akamsindikiza mpaka njia panda.

4

Alimkuta Kirumbe zizini. Alimwambia yote kwa mkato, akimtazama usoni. Alimtajia zile zamu kumi na tisa.

Kirumbe hakushangaa. Hilo ndilo lililomuumiza Niendiwe kuliko mengine yote. Aliendelea kuwagawia ng'ombe majani, akafika wa mwisho, akajipangusa mikono.

"Ulijua," Niendiwe alisema.

"Niliona maji. Hukuniambia niulize yanatoka wapi."

"Mama Yonaza anakufa njaa kule chini, kaka."

"Mama Yonaza ana watoto wanne wa kiume, na wote wana mapanga." Alisema bila kupaza sauti. "Orodha yako ya kwanza ilichukua vidole viwili. Hii unayotaka kuleta itachukua kichwa. Utafurahi? Utaandika kwenye tovuti yako kwamba ukweli umeonekana?"

Niendiwe alisema inawezekana kupatana, kwamba akienda mwenyewe kwa yule mama kabla habari haijatoka, wakakaa, wakagawana maji ya msimu uliobaki, vijana watatulia. Kirumbe alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema mtu aliyekatwa vidole haendi kupiga hodi kwa watu wenye mapanga kujitangaza mwizi, na kwamba yeye hakuiba, alipewa na mashine. Kisha akamwambia neno ambalo walizaliwa na kukua bila kuambiana.

"Ukiliweka jina langu pale, mimi sina dada. Usije kulia hapa kwangu, wala kwenye mazishi."

Niendiwe aliteremka mlima na pikipiki ileile akiwa analia waziwazi, dereva akijitia hamnazo.

5

Siku ya sita aliandika ubaoni alichokiona, bila kutaja malango. Alidhani watashtuka. Walioshtuka hawakufika kumi. Wengine walimwambia kwamba mjane mmoja kukosa maji ni jambo la kusikitisha, ila maiti watatu ni jambo la kusikitisha zaidi, na hesabu hiyo haihitaji kompyuta. Mmoja, mtu ambaye miaka yote walikuwa wakisahihishiana msimbo na kuulizana habari za watoto, aliandika kwamba huenda hao wapole wamechagua upole. Niendiwe alilisoma andiko hilo na kulisoma tena, akitafuta mahali pa kumhurumia aliyeliandika. Hakupaona.

Fikirini hakuandika ubaoni. Alipiga simu, na safari hii hakuwa na kejeli. Alikuwa amezikagua kumbukumbu usiku kucha na kukuta ni kweli, na sauti yake ilionyesha kwamba imemuuma. Alikuja na suluhu. Kanuni ya kusogeza zamu irekebishwe leo, kimyakimya. Mama Yonaza arudishiwe zamu zake zote thelathini na moja, moja baada ya nyingine, na Upole umwambie kwamba mvua imenyesha huko juu. Mjane apate maji, kaka mtu abaki na vidole vyake vilivyobaki, na asiwepo mtu wa kumchukia mwingine.

"Kakosa nani hapo?" aliuliza. "Nitajie mtu mmoja."

Niendiwe aliomba muda, akakaa na jambo lile mchana kutwa. Na niseme kweli, alilitaka. Mara mbili aliandika ujumbe wa kukubali na mara mbili akaufuta. Alimwona kaka yake amelala na bandeji. Alijiambia kwamba haki ya kuona isigharimu damu ya mtu.

Kilichomzuia hakikuwa falsafa yoyote. Ni lile swali la Mama Yonaza, zimeenda wapi, na namna alivyoitikia kwa kichwa baada ya kudanganywa. Upole ungemdanganya hivyo kila siku mpaka afe, tena kwa maneno mazuri, na kesho kukiwa na kosa lingine katika mistari mingine tisa ya mtu mwingine, mama huyo angeshukuriwa tena kwa uvumilivu wake. Safari hii aliyekwenda kuangalia alikuwa na kompyuta na alizaliwa pale. Kwenye mabonde mengine mia mbili tisini na tisa nani angekwenda?

Jioni, jua likiwa bado lipo, alifungua msimbo wa Orodha. Alikuwa na saa chache na hakuwa na kipaji cha rangi. Aliurudisha ukurasa uleule mbaya, mweusi kwa mweupe, sawa kwa kila msomaji, kisha akabadilisha kitu kimoja. Pembeni ya kila mstari mwekundu palikuwa na safu fupi iliyoonyesha nani amesogeza zamu, na tangu mwanzo safu hiyo iliandika neno moja tu, Mfumo. Watu walikuwa wameizoea mpaka hawaioni. Mfumo haukatwi na panga, kwa hiyo hasira ilitafuta mtu wa karibu, na wa karibu alikuwa siku zote jirani aliyepata maji. Niendiwe alilifuta neno lile. Alielekeza safu ikachukue jina la binadamu aliyeiandika kanuni iliyotumika, kutoka kwenye saini za msimbo, pamoja na maelezo kwa maneno ya kawaida ya kile kanuni inachofanya.

Alijaribu kwa lango la saba. Ukurasa ulijaa jina lake, mara thelathini na moja, kutoka juu hadi chini. Alilitazama kwa muda mrefu kabla ya kuandika ubaoni kwamba mbadala uko tayari na kesho saa nane mchana utawashwa Kirindi kwa siku moja, kama desturi inavyotaka.

6

Siku ya saba, saa saba na nusu, alikuwa amekaa kwenye gogo mbele ya nyumba ya Kirumbe. Kirumbe alimwamuru aondoke. Alimwamuru mara ya pili mbele ya mkewe. Mara ya tatu alimshika mkono akamwinua, akamsukuma hadi kwenye njia, na Niendiwe akarudi akakaa palepale.

Saa nane simu za Kirindi zote zililia kwa pamoja. Mke wa Kirumbe aliita jina la Mungu mara moja. Kirumbe aliisoma ya kwake akiwa amesimama mlangoni, kidole gumba kikiteremsha ukurasa taratibu. Niendiwe alijua amefika mahali palipoandikwa kwamba zamu kumi na tisa za lango la saba zimekwenda lango la nne, kwa sababu taya zilimkaza. Kisha alijua amefika kwenye ile safu, kwa sababu aliacha kuteremsha, akainua macho na kumtazama.

"Wewe ni mjinga," alisema.

"Ndiyo, kaka."

"Mjinga wa kutupwa." Sauti yake haikuwa na huruma yoyote. Aliingia ndani, akatoka na panga, akalisimamisha nyuma ya mlango ambapo mkono wa kushoto ungelifikia.

Walisikika kabla ya kuonekana. Yonaza na wadogo zake watatu walipanda kwa njia ya mferejini, na nyuma yao, mbali kidogo, watu wengine kama kumi waliokuja kutazama. Mama yao hakuwepo. Hawakuwa wanakimbia wala kupiga kelele. Yonaza alikuwa na panga kwenye mkono mmoja na simu kwenye mwingine, naye alipofika uani hakutoa salamu.

Alimwangalia Kirumbe, akaiangalia ile tangawizi ya magotini, kwa utulivu, tuta moja baada ya jingine. Mdogo wake mmoja alitema mate. Kirumbe alikuwa amerudi nyuma hatua moja, mkono wa kushoto umepotelea nyuma ya mlango, na Niendiwe aliona kwamba dakika ile ikipita bila mtu kusema kitu, basi kitakachofuata kitaanza chenyewe. Alisimama kutoka kwenye gogo.

Yonaza aliinua simu, akasoma kwa sauti, kama anayesoma majina ya wachangiaji kanisani. Lango la saba, imesogezwa, na Niendiwe Mgonja. Lango la saba, imesogezwa, na Niendiwe Mgonja. Alisoma sita au saba, kisha akaacha.

"Ziko thelathini na moja," alisema. "Mama anasema wiki hii ulikaa naye shambani, akakuuliza zimeenda wapi, ukamwambia bado unaangalia."

"Ni kweli."

"Huyu aliyeandikwa humu ndiye wewe?"

Angeweza kumweleza ilivyokuwa haki miaka sita nyuma, na habari ya Upole, na watu mia nne na kumi na mbili. Maelezo yote yalikuwa pale kwenye ukurasa, kwa maneno ya kawaida.

"Ndiye mimi," alisema. "Kanuni niliiandika mimi. Yeye alipewa tu."

Wale ndugu wanne wakatazamana. Kisha wakauacha mlango wa Kirumbe, wakageuka, wakaanza kuja upande wake. Niendiwe hakusogea. Nyuma yake alisikia mlango ukifungwa, na komeo likisukumwa kwa ndani.